Winga Aliyetoka Ziwani

Wenzangu mliokulia nyanda hizi za Njombe kabla simu hazijaingia mifukoni, mtanielewa nikisema kwamba nyumbani kwetu Jumamosi tuliijua kwa harufu ya majivu. Baba alikuwa akiamka na ukungu, anachota majivu ya jikoni kwenye debe, anakwenda kuchora mistari ya uwanja wa chuo. Hakuna aliyemwajiri. Alikuwa mkulima wa viazi na mzee wa kanisa, lakini aliamini kwamba asipochora yeye, mistari itapinda. Sisi watoto tulimfuata nyuma pekupeku, kila mmoja na kiazi cha kuchoma mfukoni. Kiazi kile kwanza kilipasha vidole moto, na kikianza kupoa ndipo kilipokuwa kifungua kinywa.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, cha useremala na uashi, kando ya barabara ya kutoka Njombe kwenda Makambako, jirani na Kichiwa. Hakipo tena. Timu yake tuliiita Randa, kwa sababu wachezaji walikuja uwanjani na maranda ya mbao kwenye nywele. Uwanja ulichongwa ubavuni mwa kilima, hivyo goli moja lilikuwa juu na lingine chini, na nahodha mwenye akili akishinda kura alichagua kupanda kwanza ili kipindi cha pili ashuke. Mpira ukitoka upande wa bondeni ulikwenda kusimama kwenye mianzi ya kugemea ulanzi, pombe ya kwetu, tukaufuata huko tukigombana. Siku za ukungu, waliokaa goli la chini walipata habari za goli la juu kwa kupokezana kelele, na mara nyingine habari ilifika ikiwa imeongezewa bao.

Vijana wa leo wakisema wanapenda mpira, wanamaanisha wanajua mshahara wa mtu wa Ulaya ambaye hata akikutana nao hatawasalimia. Sisi wachezaji wetu tulijua nani anaumwa jino na nani kaandikiwa na mchumba wake kwamba basi. Randa ikifungwa, na ilifungwa sana, mama alipika ugali kimyakimya na baba alisali kwa kifupi.

Kisha akaja Zakaria.

Mwalimu wa michezo, Mwalimu Eliya, alimleta muhula ulipoanza. Alisema ni mwanafunzi mpya kutoka Lupingu, kule chini kwenye Ziwa Nyasa. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye miguu ya upinde, na alicheza winga ya kushoto. Siku ya kwanza alipopewa mpira aliwapita mabeki watatu wa chuo cha kilimo kana kwamba wamepandwa pale kama mahindi. Watoto tukampa jina la Kiberenge, kwa kile kigari cha relini kinachopita Makambako kikiwa peke yake, mbio, hakisubiri mtu.

Kwa kuwa alitoka ziwani, hakujua Kibena chetu hata neno moja. Bibi yetu akimwambia "kamwene", alikuwa akitabasamu na kujibu "shikamoo, Bibi". Tulijitahidi kumfundisha, akawa anakosea kwa namna ya kuchekesha mpaka bibi anafuta machozi. Alipenda kwetu. Alikuja kwa sababu ya viazi, akabaki kwa sababu ya dada yangu Tumaini.

Dada Tumaini alikuwa amemaliza shule, anafuma masweta kwa mashine ya jirani, na alikuwa na ulimi ambao vijana wa kanisani waliuogopa. Kwa Zakaria ulimi ule ulilegea. Hawakujificha. Muhula wa pili ulipoanza, Mwalimu Eliya mwenyewe alikuja nyumbani akiwa mshenga, na jembe jipya la posa na blanketi la bibi. Baba alilipokea jembe kwa mikono miwili. Wazazi wa kijana wangepanda kutoka Lupingu baada ya mavuno, tukaambiwa, kwa kuwa njia ya kule ni mbaya wakati wa mvua. Nani angebisha? Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kufika Lupingu.

Wakati huohuo Randa ilikuwa inashinda. Iliwafunga wakulima, ikawafunga wauguzi, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe ikaingia fainali ya vyuo, iliyochezwa Makambako. Zawadi ilikuwa kikombe na dume la ng'ombe.

Tulikwenda kwa trekta la chuo, wachezaji na sisi washangiliaji tumejaa kwenye trela, tukiimba nyimbo za kwaya tulizobadilisha maneno. Baba alivaa koti lake la ibada. Dada Tumaini alikaa karibu na Zakaria, na mama akajifanya anatazama misitu.

Mnaijua Makambako na upepo wake. Siku ile upepo ulibeba vumbi la uwanja na harufu ya nyama choma ya sokoni, na malori ya Songea na ya Mbeya yalikuwa yakisimama barabarani, madereva wakipanda juu ya mizigo kuangalia. Kwetu sisi tuliozoea kilima, uwanja ule bapa ulikuwa kama dunia nyingine. Tuliocheza nao walikuwa chuo cha ualimu, wenye soksi zinazofanana, jambo ambalo lilitutisha kidogo.

Kipindi cha kwanza Kiberenge alifunga. Alikimbia na mpira kutoka katikati, akamlaza kipa upande mmoja, akautia upande mwingine taratibu kama mtu anayeweka yai kikapuni. Baba alinibeba juu, mimi msichana mkubwa wa darasa la tano, akanizungusha hewani, kisha akanishusha haraka na kunyoosha koti.

Kipindi cha pili mpira ukatoka upande wetu, Zakaria akaja kuurusha. Alisimama mbele yetu kabisa, ningeweza kumgusa. Akauinua mpira juu ya kichwa. Hapo mwanamke mmoja akasogea kutoka kwenye kundi la watu waliokuwa wametoka sokoni. Alikuwa na mtoto mgongoni na kikapu mkononi. Akasema, si kwa sauti kubwa, "Baba Oliva."

Zakaria hakugeuka, lakini hakurusha mpira pia.

Mwanamke akasema tena, safari hii kwa Kibena. Alimwambia kwamba walidhani amekufa. Walikuwa wamekwenda kumtafuta mpaka kwenye mashamba ya chai, wakaambiwa hajulikani.

Mpira ukamtoka mikononi, ukadunda chini. Akamjibu. Alimjibu kwa Kibena, kile cha ndani, cha upande wa Mdandu, hukuhuku kwetu Njombe, bila kukosea hata silabi, kama mtu aliyenyonya nacho. Alimwambia, "Sikufa. Nilikuwa narudi."

Nilimtazama baba. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa mtupu, kama wa mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Bibi, aliyekuwa amekalia blanketi lilelile la posa, aliuliza, "Huyu amejifunza lini?" Refa akapiga filimbi na kuwapa wapinzani mpira, akidhani kijana amekosea kurusha. Ilichukua muda watu wa upande wa pili kuelewa kwa nini winga wetu amesimama nje ya mstari huku mechi inaendelea.

Kocha wa wale walimu ndiye aliyeelewa kwanza. Alikuja mbio, akamwuliza mwanamke yule kwa adabu, "Mama, huyu unamfahamu?"

"Ni mume wangu," akasema. Alikuwa anafurahi, maskini, ndiyo iliyotuumiza zaidi. "Aliniaga anakwenda kuchuma chai. Anaitwa Anton. Kwetu ni Mdandu."

"Anasoma chuo gani?"

Akamtazama kocha kama anataniwa. "Asome chuo? Huyu aliishia la nne."

Neno mamluki lilizunguka uwanja haraka kuliko upepo. Mechi ikasimamishwa, waamuzi wakainamiana, na mkuu wetu wa chuo, mzee mwenye miwani aliyekuwa ameanza kuandaa hotuba ya ushindi, alikuwa akiuliza kila mtu, "Si mwanafunzi? Si mwanafunzi kivipi?" Wachezaji wa Randa walitazama viatu vyao. Ndipo tukaelewa kwamba wao walijua. Wote. Walilala naye bweni moja na hawakuwahi kumwona karakana. Mwalimu Eliya alikuwa hayupo. Mtu alisema amekwenda kuangalia trekta.

Baba alivuka mstari, akamfikia Zakaria, yaani Anton.

"Kijana," alimwambia, "nieleze."

"Baba, mimi nilitaka kucheza mpira tu. Kule kwetu hakuna timu."

"Na Tumaini?"

Anton akainama kufunga kamba za viatu.

Dada Tumaini alikuwa amesogea. Nilijua ulimi wake, nikajiandaa. Lakini hakumwangalia kabisa yule mwanamume. Alimwuliza mwanamke, "Mna watoto wangapi, dada?"

"Watatu. Huyu ndiye wa mwisho. Alizaliwa baba yake hayupo."

Dada akaitikia kwa kichwa, akamfunika mtoto miguu iliyokuwa nje ya kanga, kisha akatembea mpaka kwenye trela, akapanda, akakaa ameupa mgongo uwanja. Mama akamfuata.

Kikombe na dume wakapewa walimu. Anton akabeba kikapu cha mkewe, wakaanza kuondoka. Walikuwa wamefika barabarani mtunza vifaa wetu alipokumbuka kwamba chuo kina jezi kumi na moja tu. Akawakimbilia akiita. Anton akaivua palepale, akaikunja vizuri, akampa kwa mikono miwili, akaendelea na safari kifua wazi kwenye upepo ule wa Makambako. Mkewe akamtupia kanga mabegani. Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikagundua nalia.

Jumapili baada ya ibada Mwalimu Eliya alikuja kwetu. Baba alikuwa ameshaliweka jembe mlangoni.

"Mzee," alianza, "mimi nilitaka timu ishinde. Hilo la posa alilianzisha mwenyewe. Nikafikiri mpaka mavuno mambo yatajipanga."

"Yajipange yenyewe?" baba akauliza. "Aje baba gani kutoka Lupingu? Ulikuwa umtoe wapi?"

Mwalimu akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashika kichwa. Alisema alikuwa ameshazungumza na mzee mmoja, fundi viatu, aliyewahi kuishi ziwani.

Baba hakupandisha sauti. Alimkabidhi jembe, akamfungulia mlango. Jumamosi iliyofuata hakuchota majivu, wala iliyofuata hiyo. Randa ikafungiwa, wanafunzi wakapungua mwaka hadi mwaka, chuo kikafa kifo cha polepole. Uwanja ulilimwa viazi, na sasa ni shamba la parachichi, miti imepangwa mistari iliyonyooka kuliko ya baba. Nilipopita pale mara ya kwanza baada ya miaka mingi, nilisimama kutafuta goli la juu lilikuwa wapi, nikashindwa.

Dada Tumaini aliolewa na dereva wa lori, mtu wa vichekesho, wakajenga Njombe mjini. Ana wajukuu. Mwaka huu mjukuu wake mmoja anacheza timu ya chuo fulani, akatualika kwenye mechi. Uwanja ni mzuri, nyasi zimekatwa, mistari ni ya chokaa. Kabla ya mechi wachezaji walipanga foleni wakakaguliwa vitambulisho, sura ikilinganishwa na picha. Nikacheka, nikamwambia dada kwamba leo Kiberenge asingevuka hata geti.

"Asingevuka," akasema. Kisha, akiendelea kumenya chungwa, akaongeza, "Ila mimi nilijua anajua Kibena."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Ile mechi na wauguzi, alipoumia kifundo cha mguu. Nilikuwa namkanda. Alimwita mama yake kwa Kibena. Nikajua si mtu wa ziwani."

"Na hukusema?"

"La mke sikulijua. Ningelijua hilo ningemkanda kwa nyundo. Lakini la Kibena nilijua wiki mbili nzima."

"Dada, baba alipokea jembe. Kwa nini hukusema?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, mwanamke mwenye mvi, chungwa mkononi. "Na fainali mngecheza na winga gani?"

Miaka yote nimembebea dada yangu huzuni ya siku ile, na kumbe sehemu yake ilikuwa ya kupoteza kikombe.

Tukaendelea kutazama. Enzi zile kijana wa la nne aliweza kuwa mwanafunzi, mtu wa ziwani na mchumba wa watu, mihula miwili mizima, kwa sababu tulimtazama miguu tu. Leo simu ingemuumbua kabla hajafunga kamba za viatu, na ni heri hivyo. Ningekuwa na binti ningeshukuru. Vijana waliokaa mbele yetu walikuwa wameinamia simu zao wakifuatilia mechi ya mbali, na wachezaji wa pale mbele waliwajua kwa namba za mgongoni tu. Hakuna aliyejua nani anaumwa jino.

Mechi iliisha sare bila bao. Watu wakakunguta suruali, wakaondoka wakizungumza habari nyingine, na hakuna aliyelia.