Miaka Minane ya Bisogo

Shangazi yangu Yudita ana miaka hamsini na tisa akiwa jikoni kwake Beechmont, mjini Louisville, Amerika, na sitini na saba akiwa kwenye kitambulisho. Ile minane ya katikati aliipata siku moja, kwenye kambi ya wakimbizi, mbele ya meza ya mbao, bila kusema neno.

Mwandikishaji aliuliza, "Huyu mama alizaliwa mwaka gani?" Mbele ya meza alisimama Bisogo, kaka mkubwa wa mume wake. Nyuma ya Bisogo alisimama shangazi, kitenge mdomoni. Wazee wetu wa milima ya Kivu ya Kusini walikuwa na sheria: mke wa mdogo wako hataji jina lako, hali chakula mbele yako, na ukiwapo hajibu swali ambalo wewe unaweza kulijibu. Basi Bisogo akageuka akamtazama. Mwaka ule shangazi alikuwa amezika watoto wawili na kutembea siku kumi na moja. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Bisogo akasema, "Andika arobaini na sita," kama mtu anayekisia uzito wa ng'ombe sokoni. Tarehe wakampa ile ya watu wote, moja ya mwezi wa kwanza. Ukoo wetu mzima ulizaliwa siku moja. Tungekuwa watu wa keki, ingetufilisi.

Miaka ikapita. Shangazi na mume wake Protasi wakaletwa Louisville, Bisogo akapelekwa Columbus, na mtoto wa shangazi, Elie, alipokua akafuata kazi ya kiwanda mpaka Buffalo, kwenye theluji, kwa hiari yake, jambo ambalo mimi sijalielewa hadi leo. Protasi alifariki miaka mitatu iliyopita. Shangazi akabaki na nyumba ya kupanga ya vyumba viwili na kazi yake Shively, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, chumba cha kufulia. Basi mbili kwenda, basi mbili kurudi. Mashuka yakitoka kwenye ile mashine kubwa yamelowa, kijana anayenyanyua vyuma anayavuta kwa mikono miwili na kuguna. Shangazi anayavuta kwa mkono mmoja huku anaimba pambio.

Mwaka huu Bisogo akaisoma ile miaka aliyoitunga mwenyewe, akaiamini. Akapiga simu kwa Elie: mama yako ana sitini na saba, aache kazi, arudishe nyumba, ahamie kwangu Columbus apumzike. Kupumzika kwenyewe kulikuwa na wajukuu wanne wa Bisogo, mdogo wao ana miezi saba na meno mawili, na yote mawili anayatumia.

"Na weye umejibu nini?" nilimuuliza shangazi.

"Yule wa Columbus hakuniuliza miye. Alimuuliza Elie."

Kumbuka, jina la Bisogo hajawahi kulitamka tangu aolewe. Ni "yule wa Columbus." Kabla ya Columbus alikuwa "yule wa nyumba ya juu."

Sasa, mwezi wa kumi kazini kwao walifanya sherehe ya wafanyakazi, majina yakatiwa kwenye ndoo, na jina la shangazi likatoka. Zawadi ilikuwa safari ya watu wawili, siku tatu Arizona, na wa pili akanichagua mimi, Umwali. Katikati yake kulikuwa na nusu siku ya kuzunguka jangwani na kiongozi, kwa pikipiki za magurudumu manne, halafu chakula cha mchana cha kienyeji. Bisogo alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, wenye Kifaransa chake kidogo: "Bon, hiyo zawadi iende kwa vijana. Mama wa umri ule na pikipiki, donc tunacheza?" Kisha akaweka kikao cha familia cha kuamua habari ya kuhama, kwa video, Jumamosi ileile ya safari, saa nane mchana. Alijua mwanamke aliyeitwa kikaoni haendi kuchezea mchanga.

Elie akapiga kutoka Buffalo. Mimi nilikuwa namenya ndizi, simu iko mezani, kwa hiyo sikusikiliza kwa siri, nilisikiliza wazi.

"Mama, jangwa? Tulikimbia vita tukafika Amerika ili weye uende jangwani?"

"Waisraeli walikaa miaka makumi ine," shangazi akasema. "Miye naenda asubuhi, mchana nimemaliza."

"Bon. Lakini Umwali ndiye ataendesha. Weye unakaa nyuma yake. Tumeelewana?"

"Nimekusikia, mwanangu."

Kwetu "nimekusikia" si "nimekubali." Elie amekaa na Wamarekani hadi amesahau.

Dakika tano baadaye akanipigia mimi. "Umwali, weye ndiye dereva. Mama asishike usukani. Na usilete zile tabia zako."

"Tabia gani, kaka?"

"Za kuanza kitu na kukiacha katikati."

Alikuwa anaizungumzia diploma yangu ya maabara. Imefika nusu, na hiyo nusu iko salama kabisa, hakuna aliyeigusa. "Ndiyo, kaka," nikasema. "Atakaa nyuma."

Tukaenda.

Kiongozi wetu aliitwa Ramona, mama wa miaka hamsini na kitu, kofia pana, mzaliwa wa hukohuko, na mbwa wa kahawia aliyetutazama kama afisa wa uhamiaji. Tulikuwa wageni wake peke yetu. Saa mbili asubuhi baridi bado ilikuwa inauma, na nchi nzima ilikuwa mchanga, mawe na ile miti ya miiba inayosimama mikono juu kama imekamatwa na polisi. Ramona akatupa karatasi za kutia sahihi, zile za kusema ukivunjika ni shauri yako. Kisha akaomba vitambulisho.

Akakitazama cha shangazi. Akamtazama shangazi.

"Sitini na saba," akasema. "Kwangu, dereva akipita sitini na tano namjaribu kwanza. Unaona ule mzunguko wa mawe? Mara tatu bila kugusa jiwe. Ama ukae nyuma ya huyu binti. Hamna aibu."

Nilifungua mdomo niseme atakaa nyuma, maana nilikuwa nimeahidi. Shangazi akaninyooshea kiganja, hakunitazama hata.

"Leo nimekuja na mdomo wangu," aliniambia kwa Kiswahili. Kisha akamgeukia Ramona kwa Kiingereza chake cha chumba cha kufulia, kifupi, safi, kimepigwa pasi: najaribu.

"Hiyo nguo ndefu itaingia kwenye gurudumu," Ramona akasema.

Shangazi akafungua kitenge chake, akakikunja mara nne, akanipa nishike. Chini yake alikuwa amevaa suruali. Mama wa kwaya, ambaye hajavaa suruali hata kwenye theluji. Ilikuwa suruali ya kazi ya marehemu Protasi, ya kijivu, imekunjwa miguuni na kufungwa kwa mkanda wake. Alikuwa ameivaa tangu hotelini na hakuniambia kitu.

Ramona akamwonyesha: gesi unasukuma kwa kidole gumba, breki ni huku. Shangazi akaanza. Mzunguko wa kwanza alikwenda taratibu mno, mbwa akampita akiwa anatembea. Wa pili akapata moyo, kidole kikazidi, gurudumu la nyuma likagonga jiwe, jiwe likabiringika.

"Umegusa," Ramona akasema. "Unaweza kuanza upya, kama unataka."

"Shangazi, basi, nitaendesha miye," nikasema. "Elie atanila mbichi."

"Kuanza upya?" Alikuwa anarudisha jiwe mahali pake kwa mguu. "Miye nimeanza upya katika nchi tatu. Hili ni duara."

Akaanza upya. Mara hii aliacha kuitazama ile pikipiki, akatazama mbele, mabega yameshuka, kama anavyovuta mashuka. Moja. Mbili. Tatu. Ramona akamfungia kamba ya helmeti kidevuni mwenyewe, kwa heshima, akamwambia, "Wewe utakuwa nyuma yangu mimi. Binti atafuata."

Binti alifuata kwa nusu saa hivi. Tulipita kwenye mto mkavu, mchanga laini, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Mbele yangu shangazi alikuwa anapiga kelele za kuchunga, zile za milimani, anaihimiza mashine kama ndama mkaidi. Kisha tukafika kwenye mteremko. Ramona akashuka. Shangazi akashuka. Mimi nikatazama chini na miguu yangu ikakumbuka kuwa ina mambo mengine ya kufanya. Naendesha gari Louisville kila siku, barabara kuu, mvua, malori, na hapo nilishindwa. Nililia kidogo. Naandika "kidogo" kwa sababu shangazi atasoma hii, na yeye husema "sana."

Akarudi juu kwa miguu kunichukua. "Panda nyuma yangu," akasema. "Nishike kiuno. Usifunge macho, utatapika." Mashine yangu ikateremshwa na Ramona. Na hivyo ndivyo agizo la Elie lilivyotimia kinyumenyume: mmoja alikaa nyuma.

Chakula kilikuwa nyumbani kwa mama yake Ramona, chini ya kibanda cha matawi. Huyo mama alikuwa ametandika meza ya mbao: mikate myembamba mipana kama kitambaa cha kichwa, maharage madogo ya kahawia ambayo wenyewe wanasema yanapenda ukame, na nyama ya ng'ombe iliyoanikwa juani, ikapondwa, ikakaangwa na pilipili. Unachana mkate, unachota kwa vidole. Shangazi alionja nyama. Kisha akauliza: mnaianika siku ngapi? Nzi je? Mnaipaka chumvi kabla ama baada? Wale wamama wawili wakaelewana kwa Kiingereza kibovu na mikono, wakinisahau kabisa. Kwao milimani, shangazi aliniambia, mama yake aliwahi kukausha vilevile, ila kwa moshi.

Saa sita kamili ya jangwani, yaani saa nane ya Columbus, simu ikalia. Nikaiegemeza kwenye sufuria ya maharage.

Bisogo alikuwa amevaa koti na tai, nyuma yake pazia na mtoto analia. Elie alikuwa ndani ya gari mbele ya kiwanda, kwenye mapumziko yake.

"Bon," Bisogo akaanza, "kikao ni kifupi. Mama Elie atahama mwezi wa kwanza. Chumba cha chini nimeshakisafisha. Sisi hatutaki watu waseme tumemwacha mama wa miaka sitini na saba afue mashuka ya wazungu. Kwanza, yuko wapi? Mbona naona kuni?"

Shangazi alisogea mbele ya kamera, suruali ya Protasi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa na kipande cha mkate mkononi, kimejaa nyama. Nilidhani atakiweka chini na kufunika mdomo. Nimeambiwa alifanya hivyo miaka thelathini na zaidi. Sahani inahamia jikoni yule bwana akiingia.

Akakitia mdomoni. Akatafuna. Hakuharakisha. Pilipili ilikuwa kali, jicho likamtoka chozi, naye akaendelea kutafuna akimtazama Bisogo machoni, mpaka akameza.

Columbus, Bisogo alirekebisha tai. Mtoto aliacha kulia, labda alipewa kitu.

"Bisogo," akasema.

Elie alishika uso kwa mikono yote miwili.

"Bisogo, siku ile kambini niliingia na miaka makumi tatu na minane. Weye ndiye ulisema arobaini na sita. Miye nilikuwa nyuma yako nimefunga mdomo, na nilikosea kuufunga. Hiyo minane si yangu, ni yako. Ukitaka kuipumzisha, ipumzishe huko kwako chini. Miye Jumatatu saa kumi na mbili niko Shively."

"Shemeji," Bisogo akasema, sauti imepungua, "kwetu mwanamke hasemi hivi."

"Kwetu mwanamke alitembea siku kumi na moja. Weye ulikuwa mbele, hukuona."

Elie akakohoa. "Mama. Ile pikipiki. Ulikaa nyuma?"

"Umwali ndiye alikaa nyuma. Alilia sana."

Kikao kikaishia hapo, maana Bisogo alisema mtandao wake umeharibika, na uso wake ulionekana vizuri kabisa wakati anasema hivyo.

Wiki mbili baadaye aliendesha gari mwenyewe kutoka Columbus mpaka Beechmont. Masaa matatu na nusu peke yake njiani, akiwa na miaka sabini na moja, na hakuna aliyemwitia kikao. Nilikuwepo, sikukubali kukosa. Shangazi alitandika meza ya jikoni, maharage, ugali, na ile nyama kavu aliyopewa na mama yake Ramona kwenye mfuko. Sahani mbili, zimetazamana. Kando ya sahani ya Bisogo aliweka karatasi na kalamu. Ilikuwa imeandikwa na mwanasheria wa bure wa kanisani: mimi, niliyetajwa hapo juu, natamka kwamba mwaka wa kuzaliwa wa Yudita Nyirarukundo niliukisia bila kumuuliza mwenyewe.

Bisogo aliisoma mara mbili. Miwani ikapanda, ikashuka.

"Unajua ukirudisha hii miaka," akasema, "utafanya kazi miaka minane zaidi kabla ya kustaafu."

"Najua kuhesabu."

"Na wajukuu?"

"Walete Jumapili niwasalimie. Jioni uwarudishe."

Alikaa na kalamu muda mrefu. Shangazi hakumngoja. Alinawa, akakaa mbele yake, akakata tonge, akala. Bisogo akaangalia pembeni kwanza, kwenye friji, kwenye dirisha, kwangu. Mimi sikumsaidia. Mwishowe akatia sahihi, herufi kubwa zilizolala, akasukuma karatasi upande wa pili wa meza, akavuta sahani yake.

Shangazi alimwangalia akionja.

"Chumvi inatosha, Bisogo?"

"Inatosha," akasema, na akaomba nyama tena.