Kanda ya Mama Aliyekausha Nchi

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, maduka ya Arusha yalipoanza kujaa vitu ambavyo kwa miaka mingi tulikuwa tukivisikia tu, mjomba wangu aliacha kazi ya kiwandani akafungua kibanda cha kurekodi kanda karibu na soko kuu. Alikuwa na deki mbili na spika alizozitengenezea maboksi ya mbao kwa mkono wake. Watu walileta kanda tupu, wakaondoka na kwaya, rumba ya Zaire au taarabu. Mimi nilikuwa nasomea uhazili mjini, nikiishi kwake Sombetini katika nyumba aliyokuwa akiijenga chumba kimoja kimoja.

Siku moja dereva wa watalii, jirani yetu, alimletea mjomba kanda iliyosahauliwa kwenye gari na mgeni. Haikuwa na boksi, na maandishi yake yalikuwa yamefutika kwa jasho la mikono. Dereva alitaka ifutwe, irekodiwe kwaya ya usharika wake. Mjomba alikuwa na tabia ya kusikiliza kidogo kabla ya kufuta. Safari hiyo alisikiliza kidogo, kisha akasikiliza upande wote. Nilipompitia baada ya masomo nilimkuta ameketi juu ya kreti la soda, mikono magotini kama mtu aliyeko kanisani, akaniambia nikae na mimi nisikie. Dereva akapewa kwaya yake kwenye kanda nyingine.

Sikuwahi kusikia kitu kama kile. Muziki wa roki tuliujua kidogo kupitia redio, na wengi wetu tuliona ni makelele ya Wazungu. Hii haikuwa nyimbo zilizopangwa moja baada ya nyingine. Ilikuwa hadithi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mzee mmoja alikuwa akisema maneno machache kwa sauti ya taratibu, kisha magitaa ya umeme yakapasuka, na ngoma zikaingia kwa kishindo kilichotikisa misumari ya kibanda. Alikuwepo binti mwenye sauti nyembamba. Alikuwepo mwanamume mwenye sauti nzito iliyotoka chini kabisa, na kila alipoimba gitaa la besi lilinguruma pamoja naye hadi nikalisikia kwenye meno. Halafu alikuwepo mama. Wimbo wake ulianza na gitaa moja tu, bila ngoma, na ulipokuwa unakwenda ngoma zilijiunga polepole, kama hatua za mtu anayetembea mbali. Nywele za mikono zilinisimama, nami wakati huo sikuwa nimeelewa hata nusu ya maneno.

Kiingereza changu kilikuwa cha shule. Kila jioni nilirudisha kanda nyuma, nikasikiliza, nikairudisha tena. Nikamuuliza mwalimu wetu wa Kiingereza, mtu mpole aliyependa kuulizwa, akacheka kwa furaha na kunieleza kwamba hiyo ni hadithi ya kale ya Wagiriki. Mungu wa mazao, ambaye kwao ni mwanamke, alikuwa na binti mmoja. Binti alikuwa akichuma maua, ardhi ikafunguka, na mfalme wa wafu akamchukua akawe mke wake huko chini. Mama akamtafuta dunia nzima, na kwa huzuni yake akazuia mimea isiote, nchi ikakauka. Mwishowe ikakubaliwa binti arudi, ila kwa sharti asiwe amekula chochote kule chini. Lakini alikuwa amekula mbegu chache za tunda. Kwa hiyo akagawanywa: sehemu ya mwaka kwa mama yake, sehemu ya mwaka kwa mumewe, na anapokuwa kwa mama nchi huwa kijani.

Baada ya hapo kila kitu kwenye kanda kilinifungukia. Nilijua magitaa yale yanayopasuka mwanzoni ni ardhi. Nilijua kwa nini mama akimaliza wimbo wake vyombo hubaki vikivuma peke yake kwa muda mrefu, bila mtu kuimba. Hapo ndipo nchi inapokauka.

Mwaka huo Bibi, mama yake mjomba na mama yake mama yangu, alikuja kukaa nasi wiki kadhaa ili atibiwe meno. Alitoka Oldonyo Sambu, upande wa Mlima Meru ambako mvua ni ya kubahatisha na vumbi huingia hadi kwenye maziwa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Aliongea Kimaa na Babu, na Kiswahili cha polepole na sisi wajukuu. Tangu nikiwa mtoto nilimjua kama mtu anayefanya kazi akiwa amekaza midomo, kana kwamba anahesabu kitu moyoni.

Jumapili moja mchana, baada ya ibada, tulikuwa barazani. Mjomba aliweka kanda ile kwenye redio ya betri kwa sauti ya chini. Nilidhani Bibi angekereka, lakini alituuliza wale watu wanalilia nini. Nikamwambia ni hadithi. Akataka nimsimulie kadiri inavyokwenda.

Nikaanza. Binti anachuma maua. Ardhi inafunguka. Bibi aliacha kuchambua mchele, ungo ukabaki mapajani. Nilipofika kwenye mama anayetembea huku akiita, aliniambia ninyamaze, akasikiliza wimbo ule wote akiwa ameinamisha kichwa. Mjomba alinitazama. Hatukujua kama amependa au ameudhika. Wimbo ulipokwisha na vyombo vikawa vinavuma peke yake, nikamweleza kwamba sasa nchi inakauka, hakuna kinachoota. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa habari za jirani.

Ikafika pale mama anapokutana na binti. Sauti zao mbili zinaingiliana, hakuna ngoma. Nikasema, "Sasa mama anamuuliza, mwanangu, umekula chochote kule?"

Kwenye kanda binti alikuwa bado hajajibu.

"Amekula," Bibi akasema.

Mjomba akazima redio. Nadhani hakukusudia, mkono wake ulikwenda wenyewe. Bibi hakulia. Alituambia kwa sauti yake ya kila siku, kwa Kiswahili chake cha polepole, jambo ambalo hata mwanawe hakuwahi kulisikia. Tulijua kwamba kwao ni kwa Wameru, juu ya Tengeru, na tulidhani aliolewa kama wengine wanavyoolewa. Kumbe alikuwa akikata majani ya ng'ombe kando ya mfereji, msichana ambaye hata hajaanza kufikiria mume, vijana wakatokea migombani wakambeba. Walizunguka naye mlima hadi upande ule mkavu. Wanawake wa boma lile walimpokea vizuri, walimwosha miguu, wakampa maziwa. Alikataa, akakataa, kisha njaa ikamshinda akanywa.

Siku chache baadaye alimsikia mama yake nje ya uzio akimwita kwa jina lake la utotoni. Alikuwa amezunguka mlima kwa miguu akiuliza boma kwa boma. Walipokutanishwa mbele ya wazee, mama yake alimuuliza swali moja tu, kama amekula chochote kwa watu wale, maana aliyekula amekubali kuwa wao. Naye hakujua kudanganya.

"Mama alikaa chini pale pale," Bibi alisema. "Sikuwahi kumwona mama yangu akikaa chini mbele ya wanaume."

Wazee wakazungumza, ng'ombe wa mahari wakapelekwa kwa Wameru, mambo yakawa yamekwisha. Mama yake aliomba kitu kimoja: kila mwaka wakati wa maharage binti aruhusiwe kwenda kumsaidia kuvuna. Alikwenda miaka michache. Kisha watoto wakaja, mama akafariki, akaacha kwenda.

Mjomba alikuwa amemtazama mama yake kama anayemwona mgeni amesimama mlangoni. Babu, baba yake, tulimpenda sote. Ndiye aliyetuchongea fimbo na kutubeba mabegani, na sasa tulijua ndiye aliyekuwa akingoja upande mkavu wa mlima vijana wale walipombeba Bibi.

Bibi aliuliza nani aliwaambia wale waimbaji. Nikasema ni hadithi ya Wagiriki.

"Wale wa mashamba ya kahawa?"

Nikamwambia ndio hao, wale walowezi wa enzi za mkoloni, ila hadithi ni ya wazee wao wa zamani sana. Alifikiri kidogo. "Basi na wao waliibiwa watoto," akasema, akamwambia mjomba awashe redio, anataka kusikia yule mama tena.

Nimesikiliza muziki mwingi tangu siku ile, katika kumbi nzuri na kwa vyombo vizuri. Sijawahi kuona tena muziki ukimfikia mtu kama ulivyomfikia bibi yangu barazani Sombetini. Watu nisioweza hata kujua sura zao, waliokaa kwenye chumba fulani cha Ulaya na magitaa yao, walikuwa wamemfikia mwanamke asiyejua neno moja la lugha yao, wakamgusa mahali ambapo watoto wake hawakupajua.

Meno yalipopona, hakutaka kurudi Oldonyo Sambu. Alisema anakwenda kwao kwanza. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Tulishuka kwenye gari Tengeru tukapanda kwa miguu kati ya migomba na mibuni, maji yakipita kwenye mifereji kila upande, na kila tulipopanda ndivyo alivyozidi kwenda haraka, hadi nikawa ninamfuata nyuma nikihema. Hakuuliza njia. Kwenye boma la mama yake alitoka mwanamke mwenye sura yake, ila mdogo kwake kwa miaka mingi. Alikuwa mdogo wake, aliyezaliwa baada ya yeye kuchukuliwa, sasa mjane aliyerudi kwao. Walishikana mikono, wakaanza kuongea Kimeru. Sikuelewa kitu. Nilichosikia ni bibi yangu akiongea kwa kasi, akikatiza, akibisha, akicheka kwa sauti kubwa hadi akajishika mbavu. Nilikaa kwenye kigoda nikimtazama mtu ambaye sikuwahi kukutana naye.

Akabaki. Mvua zikanyesha, wakapalilia maharage, salamu zikawa zinatumwa kutoka Oldonyo Sambu naye hajibu. Mjomba hakumsihi. Aliniambia kwamba yeye hana mdomo wa kumwambia mama yake arudi.

Nilikuwa pale kuwatembelea siku Babu alipokuja. Alikuwa amevaa shati jeupe na kofia yake ya ibada, viatu vimejaa tope jekundu la njia ya kutoka Tengeru. Wote tulimwona akipanda njia. Bibi na mdogo wake walikuwa uani wakipura maharage. Babu alifika kwenye lango, ambalo lilikuwa wazi, akasimama nje yake.

"Hodi," akasema.

Bibi aliendelea kupura. Babu akabisha tena, na mara ya tatu. Ndipo Bibi akauliza, bila kuinua macho, "Nani?"

Mzee yule akavua kofia. Akasema jina lake, la baba yake, na la babu yake. Akasema anakotoka, na kwamba amekuja kuwaona wenye boma kama wanaweza kumpokea. Aliyasema yote kwa Kiswahili, polepole, kama kijana anayekuja kuposa, aliyefundishwa maneno na wajomba zake. Mdogo wake Bibi aliangalia pembeni.

Bibi alisimama, akakung'uta maganda kwenye kanga, akamtazama kwa muda.

"Karibu," akasema.

Hakuondoka naye siku ile. Babu alilala pale bomani kwa shemeji yake, kesho yake akarudi peke yake, na Bibi akamfuata maharage yalipokwisha kuingia ndani.