Gari la Harusi Lilipochemsha

Siku ya kumwoza binti yangu, gari lilichemsha kabla hatujafika Mpapura. Mshale wa joto ulianza kupanda tukiwa ndio kwanza tumeipa Mtwara mgongo, nami nikaipiga dashibodi ngumi, kana kwamba ingetishika. Dada yangu, aliyekaa nyuma na kapu la udi na ubani, alinitazama tu akaendelea kuvuta tasbihi.

Mama yake binti na mimi tuliachana mtoto akiwa wa kubebwa, akaenda kumlea kwao Nanyamba. Wajomba ndio waliomsomesha na kumuuguza, hata posa ilipelekwa kwao, na harusi ikawekwa huko huko. Mimi nilikuwa baba wa sikukuu. Lakini ndoa yetu ya Kiislamu inataka walii wa kumwoza binti, na walii ni baba. Kwa mara ya kwanza palikuwa na jambo la mwanangu lisiloweza kwenda bila mimi, na nilitaka kulitamka kwa kinywa changu, mkono wa bwana harusi ukiwa ndani ya mkono wangu.

Nikafungua boneti. Nimeendesha malori nusu ya umri wangu, sikuhitaji kuambiwa pa kuanzia, ila kusubiri ndiko nisikokujua. Nilifungua mfuniko wa rejeta kabla haujapoa, mvuke ukanikosa uso kidogo tu. Maji yalikuwepo. Mkanda umekaza, feni inazunguka, paipu ya juu na ya chini zote za moto, maana yake maji yanatembea. Nikashuku thamostati, kile kidude kinachofungulia maji njia, kisha nikakumbuka fundi alishaing'oa zamani. Basi nini? Tukikimbia mshale unapanda, tukisimama na kufungua boneti unashuka. Nilizunguka lile gari kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Simu ikaita. Alikuwa shemeji yangu, mjomba wa bibi harusi.

"Shemeji, uko wapi? Bwana harusi keshakaa, na shehe ana ndoa nyingine."

"Nakuja."

"Toka asubuhi unakuja. Mdogo wako yupo hapa. Mpe wakala, mambo yaishe."

Niliutazama mvuke, nikasema ampe simu. Nilimwambia mdogo wangu kwamba nimemwakilisha amwoze binti yangu kwa niaba yangu. Sauti ilinitoka ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza unga dukani. Nilipokata simu nikalipiga tairi teke. Niliumia, na si mguu peke yake.

Dada akashuka, akaenda kusimama mbele ya gari. Uso mzima wa gari ulikuwa umefunikwa kitambaa cheupe cha satini, na juu yake nailoni niliyowaamuru wapambaji wa mtaa wa Chuno waitandaze ili vumbi lisichafue maua.

"Wewe ukijifunika shuka mpaka puani, unapumua?" akaniuliza. "Na hili umelifunika pua."

"Dada, hayo ni mapambo."

"Basi yachane."

Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nilikagua kila kitu ndani ya boneti, nisione kilichoziba upepo kwa nje. Nikachana nailoni, nikachana satini, maua yakadondoka mchangani. Tulipoondoka mshale ulishuka, ukatulia. Sikufurahi hata kidogo. Haraka ya nini tena? Nikakanyaga mafuta hivyo hivyo.

Simu ikaita tena. Dada aliipokea, akasikiliza, akaniwekea sikioni.

"Shehe aliingia chumbani kumuuliza bibi harusi kama ameridhika kuozwa," alisema shemeji. "Si unajua, wenzake hunyamaza tu, shehe akahesabu ni ndiyo. Huyu kasema. Kasema, baba akifika nitajibu. Mama yake kambembeleza, mimi nimembembeleza, hataki. Shehe kanuna, lakini bado kakaa. Endesha vizuri ufike."

Nikapunguza mwendo. Dada alininyooshea ncha ya kanga yake, akaniambia nijifute macho upesi, maana mbele kulikuwa na kona.