Nilimfundisha rafiki yangu wa Muscat kusema "naomba chai", akazidi kuwa mgeni kwa bibi yake

Wakuu, salaam kutoka Muscat. Saa hizi AC ya chumbani inaunguruma kama mashine ya kusaga na mimi nimejifunika blanketi nililotoka nalo Iringa.

Haya ninayoandika yamenitokea mwenyewe. Nimebadili majina tu, maana wahusika wako hai na sijui nani kati yao anapita humu.

Mimi ni binti wa Iringa. Nilipata scholarship kwenye chuo kimoja kidogo upande wa Al Khoudh, vile vyuo wanaviita liberal arts. Yaani asubuhi unasoma falsafa, mchana hesabu, jioni unafinyanga vyungu. Mjomba akipiga simu kuuliza unasomea nini, unababaika.

(Mpaka leo anawaambia watu nasomea uhasibu. Nimemwacha.)

Chuo kidogo hakina pa kujificha. Tunakaa duara, ukikohoa tu mwalimu anajua hukusoma. Ila uzuri wake ni huo huo, kila mtu anakufahamu. Siku ya kwanza nilijitambulisha kuwa natoka Tanzania, na kipindi kilipoisha dada mmoja wa Kiomani akanifuata mlangoni.

Tumwite Thuraya.

Akaniuliza kwa Kiingereza kama nazungumza Kiswahili. Nikadhani anataka kujua kusema "jambo" kama watalii. Kumbe mwenzangu ana mzigo moyoni.

Bibi yake mzaa baba alizaliwa Unguja, akaja Oman akiwa msichana. Miaka yote alizungumza na wajukuu zake kwa Kiarabu. Sasa uzee umemwingia kichwani na Kiarabu kimeanza kumtoka. Kilichobaki ni Kiswahili cha utotoni, na Thuraya hakijui. Baba yake, Mzee Salim, aliwalea kwa Kiarabu ili wasitaniwe shuleni.

Na Bibi alikuwa ameacha kumtambua. Mtoto aliyelala chumba kimoja na bibi yake tangu aachishwe ziwa, leo anaulizwa wewe nani.

Thuraya alitaka kitu kimoja tu. Bibi amjue tena, hata mara moja, kabla hajasahau vyote.

Wakuu, bibi yangu mwenyewe alifariki nikiwa huku. Ningekataaje?

Mtauliza mbona baba asimfundishe. Mzee Salim anashinda kiwandani Rusayl, anarudi hoi, na kila wakianza somo wanaishia kununiana. Ualimu wa mzazi mnaujua.

Basi tukawa tunakaa kantini baada ya vipindi. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa mimi, Kiswahili cha mtoto mwenye adabu. Shikamoo Bibi. Umeamkaje Bibi. Naomba nikae na wewe. Naomba chai.

Hiyo ya chai ndiyo tuliyoitilia mkazo. Bibi hukaa na chupa yake ya chai pembeni na hataki mtu mwingine aiguse. Ukitaka chai ya nyumba ile, unapitia kwake.

Ijumaa moja akanichukua kwa gari, tukavuka milima kwenda kwao Al Amerat. Njia nzima anarudia: naomba chai, naomba chai. Matamshi safi kabisa. Nilijiona mwalimu wa maana.

Bibi tulimkuta amekaa kwenye godoro sebuleni, kanga kichwani, sahani ya kaimati mbele yake. Thuraya akapiga magoti, akaamkia, akasema, "Bibi, naomba chai."

Bibi akamtazama kwa huruma. Akammiminia kikombe, kisha akanigeukia mimi.

"Mgeni huyu ana adabu zake. Mtoto wa nani? Kwao hawamtafuti?"

Thuraya akaniuliza kasema nini. Nilimwambia amekusifu kwa adabu. Hayo mengine nikayameza. Lakini Thuraya si mjinga, aliniona usoni. Akanywa chai yake mpaka ikaisha.

Iliniuma sana. Badala ya kumsogeza, nilikuwa nimemsukuma mbali zaidi.

Mzee Salim aliporudi kutoka msikitini nikamweleza. Kwanza akacheka, halafu kicheko kikakatika.

"Mwanangu, sisi nyumbani hatuombi," akaniambia. "Anayeomba ni mgeni, au masikini mlangoni. Mtoto wa nyumba husema n'pe."

Wabara wenzangu, mnanielewa nilivyoshtuka. Kwetu ukimwambia mkubwa "nipe", unakula kofi kwanza ndiyo unaulizwa unataka nini. Mimi hata dukani nasema naomba, na hela ninayo mkononi. Kumbe unyenyekevu wangu ndio uliokuwa unamtambulisha Thuraya kama mtu baki.

Wiki nzima tukafuta naomba. Niliona aibu kumfundisha, nikasema potelea mbali, lugha ni yao.

Ijumaa iliyofuata tukarudi, na Mzee Salim naye alikuwepo sebuleni. Safari hii hakupiga magoti. Alijibwaga kwenye godoro pembeni ya Bibi, bega kwa bega, akanyoosha mkono.

"Bibi, n'pe chai."

Bibi akautazama ule mkono. Nikajua tumeharibu tena.

"Umekosha mikono, we?"

Thuraya akanigeukia. Hilo sikuwa nimemfundisha, maana mimi nasema kuosha. Nikamwambia anauliza kama umenawa. Wakuu, yule dada mzima, anayetubishia falsafa darasani mpaka mwalimu anaomba suluhu, aliinuka mbio kwenda kunawa.

Bibi akawa anamimina chai huku akisonya. Akaniambia taratibu, kama mtu anayemsengenya wa kwake:

"Mtoto wa Salim huyu. Tangu mdogo, kukosha mikono mpaka agombezwe."

Thuraya alirudi maji yakimchuruzika viganjani, akauliza kasema nini. Nilikuwa nalia. Ikabidi Mzee Salim amwambie yeye kwa Kiarabu, na sauti yake pia haikuwa nzuri. Thuraya akalaza kichwa kwenye paja la Bibi, na Bibi akamwambia atamwagiwa chai.

Sitawadanganya kwamba Bibi amepona. Kesho yake alimuuliza tena yeye ni nani. Siku nyingine anamjua, siku nyingine hamjui. Ila Thuraya sasa ana pa kuingilia.

Nilichojifunza ni kwamba adabu ya kwangu si lazima iwe adabu ya mwenzangu. Kuna nyumba ukizidi kuwa mpole wanakuona mgeni.

Watu wa Unguja na Pemba mlio humu, nisahihisheni nilipokosea. Wabara, tuambieni neno lililowaponza ugenini. Na kama una bibi ambaye lugha yake hujaijua, usingoje. Nenda ukamwombe akufundishe.

Samahani. Nenda ukamwambie akupe.