Kiti cha Dirishani

Miaka tisa Thoa alikaa kiti cha dirishani katika kiwanda cha Bibi Gao, pale mjini Taoyuan, akikunja vimaandazi vya kabichi pamoja na wenzake: kulia kwake Wartini wa Java, kushoto Marivic wa Iloilo. Vidole kazini, midomo nayo kazini. Mchana mikebe ya chakula ilifunguliwa katikati ya meza, kila mtu akachota alipotaka. Thoa ni Mvietnamu aliyeolewa mji huohuo. Nyama ya nguruwe alimpikia mumewe nyumbani. Mkebe wa kazini haukuguswa hata na mafuta yake, kwa ajili ya Wartini, Mwislamu. Na Wartini hakuwahi kuuliza.

Halafu Thoa akavikwa kofia nyeupe, akawa msimamizi.

Haikupita wiki, Bibi Gao akamwita. "Mchana watu tunazima taa, tunalaza vichwa mezani, tunapumzika. Hao watu wako wanacheka kama wameajiriwa kucheka. Wanyamazishe."

Watu wako. Juzi tu walikuwa wenzake.

Akawaambia, kwa sauti ambayo sijui aliiazima wapi. Kesho yake wakabeba mikebe yao wakaenda kula nje, nyuma ya matangi ya maji, kwenye upepo wa Januari unaoingia hadi kwenye mifupa. Ndani kukawa kimya. Thoa akalaza kichwa mezani gizani kama wenye kiwanda, usingizi ukagoma. Kicheko cha Marivic kilimfikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Alikitamani kuliko chakula.

Akavumilia siku mbili, kisha akamfuata Bibi Gao.

"Wanaolala walale humu. Wasiolala wapewe chumba cha kufungashia, na taa."

"Na kelele zao?"

"Mlango upo. Utafungwa."

"Ubosi hata hujauzoea, umeshaanza kunifundisha kiwanda changu." Lakini ufunguo aliutoa.

Wakarudi ndani. Wartini akapata na kona ya kuswalia. Siku hiyo Thoa alikuwa amepika samaki kwa sukari iliyounguzwa na pilipili manga. Akaingia na mkebe wake. Mazungumzo yakakatika kama bomba lililofungwa.

"Karibu, bosi," akasema Marivic. "Umekuja kupima kicheko? Leo tumecheka kidogo tu."

"Nimekuja kula, wewe na midomo yako."

Mmoja akacheka, akajizuia. Kati ya Wartini na Marivic alikuwa ameshakaa binti mgeni kutoka Thailand. Thoa akavuta kreti la plastiki, akakaa pembeni, akausukuma mkebe katikati ya meza.

Wartini akautazama. "Huu una nguruwe, bosi?" Aliuliza kwa adabu, kama mtu aliye mkahawani.

"Hauna," akasema Thoa. "Haujawahi kuwa na nguruwe."

Wartini akainamisha macho. Akachukua kipande, kidogo, akatafuna taratibu. "Mtamu," akasema. Marivic naye akachukua. Wakala.

Jioni mkebe uliletwa ofisini umeoshwa, umefutwa, unang'aa, na asante juu yake. Zamani mikebe yote ilitupwa katika karai moja, jioni ukafika nyumbani na mfuniko wa mwenzio. Thoa aliugeuzageuza mkononi, safi kama chombo cha mgeni.

Akautia mkobani, akapitia sokoni kununua samaki wa kesho.