Nimemrudishia Jirani Nepi Zake Mlangoni

Leo nimemwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanimwagia kiroba cha taka miguuni.

Tulikuwa watu sita wa mtaa hapa Mugumu, tunasafisha kijito wanakokunywa maji ng'ombe. Huyo mzee ni jirani yangu.

"Si mnaokota? Okoteni na hizi."

Nepi zilizotumika. Chupa. Mifuko ya plastiki.

Nikamuuliza, "Mzee, ng'ombe wako wakimeza hii mifuko?"

"Wewe binti, ng'ombe wangu hawakuhusu."

Jamani!

Nikazoa zote, nikazirudisha kwenye kiroba chake, nikaenda kukiweka mlangoni kwake.

Sasa majirani wananiambia sina adabu.

Aliyemwaga nepi kijitoni haulizwi. Naulizwa mimi.

Nyie mngefanyaje?