Bahari Iliyopitishwa na Kamati

Msusi mmoja wa Kenyatta Market alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa nahangaika na safu ya wiki hii ambayo ilikuwa iwe ya mambo mengine kabisa. Aliniambia yule mama wa ramani ametuacha. Alikuwa ameshazikwa kwao Machakos siku kumi zilizopita. Wanawe walitoa tangazo katika gazeti hili hili ninaloliandikia, na mimi sikuliona. Nilikwenda kulitafuta katika rundo la magazeti ya zamani. Picha ndogo, kilemba, na chini yake maneno kwamba marehemu alikuwa mtumishi wa serikali mstaafu, mshiriki mwaminifu wa kanisa lake, mama wa wanne na nyanya wa wengi. Hakuna uwongo hapo. Lakini maneno hayo yangemfaa mtu yeyote, na mimi ninayejua kilichokosekana nimekaa nacho miaka minne bila kukiandika. Basi mnisamehe leo nikiandika kwa hasira. Sehemu kubwa ya hasira hiyo najielekezea mwenyewe.

Nilimjua kwa sababu ya kosa langu. Mwaka ule elimu ya msingi ilipofanywa ya bure, niliandika hapa kuhusu joto la Februari, nikasema sisi wa Nairobi tunaishi chini kabisa ya mstari wa ikweta. Siku tatu baadaye nikaitwa mapokezi. Nilimkuta mama mrefu, mkavu, miwani imening'inia shingoni kwa uzi, na mkononi atlasi kubwa iliyofungwa kwa leso. Alikuwa ametoka mtaa wa Woodley kwa ajili yangu tu. Aliifungua atlasi juu ya meza ya askari wa mlangoni, akaweka kidole, akaniambia ikweta haipiti hapa, inapita Nanyuki, na sisi tuko kusini yake, tena si karibu. Nikacheka, nikamwambia huo ulikuwa usemi tu. Hakucheka. Alinieleza kwamba amechora ramani katika ofisi ya serikali zaidi ya miaka thelathini, kwa kalamu na wino, milima ambayo hajawahi kuikanyaga, na mstari ukiteleza kwa unene wa unywele msimamizi anairudisha karatasi nzima, unaanza upya. Kisha akaniuliza, "Wewe, nani anakurudishia?"

Mhariri alikubali kuchapisha mistari miwili ya masahihisho pembeni mwa ukurasa usiosomwa na mtu. Mama akapiga simu kushukuru. Tangu hapo tukawa tunajuana, ingawa siwezi kusema tulikuwa marafiki. Alipiga simu tulipoiita Grinilandi bara. Alipiga tena tulipoihamisha Madagaska kwa bahati mbaya tukaiweka magharibi mwa Afrika. Nakiri kwamba ilifika mahali nikiona namba yake kwenye simu naiacha ilie mpaka inyamaze.

Kisa chenyewe kilianzia saluni. Alikuwa anasukwa pale Kenyatta Market na huyu msusi aliyenipigia simu, ambaye anaishi Mutuini na wakati wa likizo huja kazini na binti yake. Binti alikuwa darasa la sita, amekaa kwenye kigoda akisoma kwa sauti kitabu cha Masomo ya Jamii, sura ya mabara na bahari za dunia. Alitaja mabara yote saba bila kosa. Alipofika kwenye bahari, akasoma kwamba Kenya inapakana na Bahari ya Atlantiki upande wa mashariki. Mama alimwambia asome tena. Akasoma vile vile. Aliomba kitabu, akavaa miwani, nusu ya kichwa ikiwa imesukwa na nusu imesimama, na akakuta kwamba mtoto hakukosea. Kwenye ramani ya dunia, jina la Atlantiki lilikuwa limeandikwa pwani yetu, na Bahari ya Hindi ilikuwa imepelekwa kule kati ya Afrika na Amerika. Mtu fulani kwenye meza ya wachapishaji alikuwa amebadilisha majina mawili, na aliyeandika maelezo ya chini akaifuata ramani. Kitabu hicho kilikuwa kimegawiwa shule nyingi kwa pesa za umma.

Wiki ambayo shule zilifunguliwa alikwenda Mutuini kumwona mwalimu wa somo hilo. Nilidhani angemkuta mtu asiyejua. Mwalimu alijua vizuri sana. Alimwambia wazi kuwa hata yeye huoga Mombasa, katika Bahari ya Hindi, lakini maswali ya mtihani wa kanda hutungwa kutoka kwa kitabu, na majibu husahihishwa kwa kitabu, na ana watoto mia na kumi darasani. Akiwafundisha kingine atakuwa amewaangusha. Mwalimu mkuu, mwanamke wa makamo, aliposikia alimkaribisha azungumze na darasa. Mama aliwauliza watoto ni nani anajua Bonde la Ufa liko wapi. Mikono ikapanda. Mmoja akasimama akajibu, "Liko ukurasa wa thelathini na moja." Alinisimulia jambo hilo kwa uchungu ambao sikuuelewa siku hiyo. Vilima vya Ngong vinaonekana kutoka dirisha la darasa lile. Nyuma yake ardhi inashuka, na hapo ndipo lilipo bonde ambalo watu hupanda ndege kutoka mabara mengine kuja kulitazama. Watoto wale waliimba milima ya Himalaya, Andes na Rocky kama wimbo wa kanisani, na hakuna aliyewaambia wageuze shingo.

Kisha akaanza safari za ofisi ya elimu, ile inayopitisha vitabu vya shule, na hapa wasomaji wangu wengi mtaniambia mnazijua. Lifti ya jengo lile katikati ya jiji ilikuwa imekufa, naye magoti yalikuwa yakimsumbua. Mara ya kwanza aliambiwa aandike barua. Mara ya pili barua haikuonekana. Mara ya tatu ilionekana lakini haikuwa na namba ya faili, na bila namba haingeweza kwenda mbele. Alipofika hatimaye kwa afisa mwenyewe, kijana mwenye adabu, alimfungulia ukurasa na kumwonyesha. Kijana alitazama, akakubali kwa kichwa, akasema kwa upole, "Mama, hii kitabu ilishapitishwa na kamati."

"Na bahari," akamwuliza, "ilipitishwa na nani?"

Afisa alimshauri aende kwa wachapishaji. Wachapishaji, upande wa Westlands, walimpa chai na kumwambia hawawezi kugusa hata nukta katika kitabu kilichopitishwa bila ruhusa ya ofisi. Ofisi ikasema haiwezi kutoa ruhusa mpaka wachapishaji waombe. Wachapishaji wakasema wakiomba watakuwa wamekiri kosa, na wakikiri, kitabu kitaondolewa kwenye orodha. Aliyazunguka hayo karibu mwaka mzima. Hakuna hata mmoja wa wale watu aliyebisha kwamba ramani ilikuwa na kosa. Hilo ndilo lililomchosha. Angekutana na mjinga, angemfundisha. Alikutana na watu wanaojua, wenye digrii zao ukutani, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kutofanya lolote.

Akaamua kufanya kazi aliyoijua. Aliandika majina ya bahari zile mbili kwa mkono wake, kwa herufi zile nyembamba za wachoraji ramani, akatoa nakala kwenye karatasi, akakata vipande na kuvibandika kwa gundi juu ya majina yaliyokosewa, kitabu kimoja baada ya kingine, katika maktaba ya shule ile ya Mutuini. Yale maelezo ya chini aliyasahihisha kwa kalamu. Mwalimu mkuu alimruhusu, tena akakaa naye mezani kumsaidia kubandika. Kazi iliwachukua Jumamosi mbili. Nilikwenda kuviona. Ni mtu wa jicho kali tu ambaye angetambua kwamba pale pamebandikwa kitu.

Muhula wa pili ukaja mtihani wa kanda, na swali likaja. Taja bahari inayopakana na Kenya upande wa mashariki. Darasa zima la Mutuini likaandika Bahari ya Hindi, na darasa zima likapigwa mkasi, alama ya kukosa, kwa sababu karatasi ya majibu ilisema Atlantiki. Shule ilishuka nafasi kadhaa, na yakatafutwa maelezo. Wazazi walikuja juu. Msusi wetu alikuwa mmoja wao. Alimwambia mama usoni, mbele ya wateja wake, kwamba ramani zake zimempunguzia mtoto alama, na akitaka kufundisha akatafute wa kwake.  Mama alilipia nywele zake akaondoka, na hakurudi saluni ile kwa muda mrefu. Malalamiko yalifika ofisi ya elimu, mkaguzi akaja, akaviona vile vipande vya karatasi. Mwalimu mkuu aliandikiwa barua ya onyo kwa kuruhusu uharibifu wa vifaa vya serikali, na kabla ya mwaka kwisha akahamishwa, akapelekwa shule moja mbali kaskazini, akimwacha mume na mama mkwe mgonjwa Dagoretti.

Siku alipopata habari za uhamisho huo, mama alikuja ofisini kwangu bila atlasi. Sikuwa nimewahi kumwona ameinamisha kichwa. Alisema kwa miaka yote akikosea, karatasi ilirudishwa kwake, akairekebisha mwenyewe. Sasa amefanya jambo la haki na anayelipa ni mwingine. Aliniomba nitumie safu yangu. "Usiniandike mimi," alisema. "Mwandike mwalimu mkuu." Nikampa ahadi.

Sikuandika. Naweza kuwapa sababu, nazo zitafanana sana na zile za watu wa ofisini. Ulikuwa mwaka wa kura ya maoni, nchi nzima inabishana kuhusu ndizi na machungwa, alama za Ndiyo na Hapana, na mhariri aliniambia bahari haiuzi gazeti. Baada ya hapo ikaja sababu ambayo hakuna aliyenitamkia, ila niliijua: kila Januari, wachapishaji wa vitabu vya shule hununua kurasa nzima za matangazo kwetu. Nikajiambia nitaandika mambo yakitulia. Alinipigia mara mbili kuuliza. Mara ya tatu hakunipigia.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa miaka miwili baadaye. Alikuja na toleo jipya la kitabu kile, alilolinunua mwenyewe kwenye duka la vitabu hapa mjini. Ramani ilikuwa sawa. Bahari ya Hindi ilikuwa imerudi kwetu, na kwenye dibaji wachapishaji waliishukuru kamati kwa umakini wake. Kosa lenyewe halikutajwa popote. Mimi nilifurahi, nikampa mkono, nikamwambia ameshinda. Aliuacha mkono wangu hewani. Alikuwa ametoka kuzungumza na mwalimu mkuu kwa simu. Bado yuko kule kule, na onyo lingali kwenye faili lake, na kwa sababu ya onyo hilo amenyimwa kupanda cheo. "Barua ya mwalimu wataifuta lini?" aliniuliza.  Alikifunga kitabu, akakiweka mkobani, akashuka ngazi polepole akishikilia ukuta. Hakuzungumza nami tena, wala simlaumu.

Kwenye mazishi yetu tunapenda kusema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Huenda. Lakini katika ofisi zetu, na naliweka gazeti hili miongoni mwa ofisi hizo, msema kweli ni mtu wa kuambiwa arudi kesho. Nchi hii haikosi watu wanaojua kilicho sahihi. Nimekutana nao, wamejaa, wanakijua kimoyomoyo na kukisema kwenye chai. Kosa likiwachosha wakubwa hurekebishwa kimyakimya, ila aliyeliona mapema hubaki na onyo lake. Kisha tunashangaa watoto wakikariri dunia bila kuitazama. Wanatuiga sisi.

Msusi alilia kwenye simu. Binti yake yuko kidato cha nne sasa na anataka kusomea upimaji ardhi. Alimwambia mama yake, mwaka wake wa kwanza sekondari, kwamba lile jibu lililopigwa mkasi lilikuwa sahihi. Msusi alikwenda Woodley kuomba radhi, akapokewa, akapikiwa muthokoi, chakula cha Ukambani cha mahindi yaliyokobolewa. Ndiye aliyenipa namba ya yule mwalimu mkuu. Nilimpigia Jumanne. Hakuwa na habari za msiba, nami ndiye niliyempa. Nikamwomba radhi kwa miaka minne. Akasema watoto wanamsubiri darasani.

Juzi niliandika barua ya kuomba onyo lile liondolewe katika faili lake, nikaipeleka kwa mkono katika jengo lile lile la ofisi ya elimu. Lifti bado haifanyi kazi. Karani aliisoma bahasha, akaniuliza namba ya faili, nikasema sina, akaniambia nirudi Alhamisi. Nitarudi. Nilichojifunza kwa yule mama, na nimechelewa kujifunza, ni kwamba aliye na kalamu akiingoja siku ambayo kusema kweli hakutamgharimu chochote, siku hiyo ikifika kweli yake haitamsaidia tena yeyote aliyeihitaji.